Mpanda Baiskeli wa Kawaida

Jamani, mwenzenu nimekuwa mwanaharakati. Msinipongeze. Mimi nilichotaka ni kufika kazini bila kulipa nauli, basi. Sasa picha yangu imesambaa kwenye vipeperushi kusini magharibi yote ya London. Nimeshika bango, mdomo wazi, jicho moja limefumba, na chini yake wameandika kwa herufi za kuonekana toka ng'ambo ya barabara: HUYU NDIYE MPANDA BAISKELI WA KAWAIDA.

Wa kawaida! Mzee wangu aliuza ng'ombe kunipandisha ndege, kumbe nakwenda kuwa wa kawaida.

Ngoja niwape ramani, maana najua mko Tandika hapo mnadhani London yote ni Big Ben. Mimi nakaa Roehampton, kwenye maghorofa ya halmashauri. Dirisha langu linatazama mapipa ya taka. Lakini ukishuka ukakata kona, unakutana na Richmond Park. Wenyewe wanaita bustani. Mimi nikisikia bustani nawaza mchicha na mwarobaini mmoja wa kivuli. Hii bwana ina hekta 955. Kuna msitu humo, kuna mabwawa, kuna vilima, na kuna kulungu 630 hivi, wale wenye mapembe ya matawi, wanazurura wanavyotaka na hakuna anayewauliza kibali cha makazi. Mimi niliulizwa mpaka alama za vidole.

Kibarua changu kiko Kingston, upande wa pili wa bustani. Nalea wazee. Basi lipo, sisemi halipo, lakini basi linataka hela kila siku, na hela yangu mimi ikiona tarehe 20 inatoka nduki. Nikanunua baiskeli. Paundi 40, kwa Mpolandi mmoja aliyekuwa anahama. Ya kike. Nyekundu. Ina kikapu mbele. Breki zake zinalia kama mlango wa choo cha uani, kulungu wote wanainua vichwa nikipita. Wenye mbwa wananigeukia. Na mbwa wenyewe wananigeukia. Nikajisemea potelea mbali, ilimradi nafika.

Sasa ndani ya bustani kuna barabara ya lami, mzunguko wake karibu kilomita 11. Miaka mingi magari yaliitumia kama uchochoro. Mtu anatoka Roehampton anakwenda Kingston, anaona kule nje foleni haitembei, anakatiza bustanini. Tangu mwaka 2004 wakaambiwa mwisho maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32 hivi. Wakapunguza mwendo, hawakupunguza honi. Mimi pale kwenye mlima wa Broomfield nilikuwa napigiwa honi za kila aina. Zipo za hasira, zipo za huruma. Kuna jamaa mmoja alifungua kioo akanipa ushauri wa gia. Baiskeli yangu ina gia tatu, inayofanya kazi ni moja, na si ile ya mlima.

Ikaja korona. Machi 2020 watu walijazana mle bustanini kupunga hewa, mpaka wakubwa wakapiga baiskeli marufuku. Baadaye wakalegeza. Halafu Agosti mwaka huo huo wakaja na majaribio: kipande kati ya maegesho ya Robin Hood na maegesho ya Broomfield Hill, gari haipiti. Unaingia na gari lako, unaegesha, unarudi ulikotoka. Kukatiza hakuna. Na wikiendi wakabana zaidi.

Mimi nilijua? Nani aniambie? Siku hiyo napandisha mlima, nasikia kimya. Honi hakuna. Gari hakuna. Nikashtuka. Nikadhani ni sikukuu nimeisahau. Nikasimama, nikatoa simu nikaangalia tarehe. Nikaanza kufikiri labda kuna kulungu ametoroka na watu wote wameambiwa wajifungie ndani kasoro mimi. Nilikanyaga pedeli siku ile, ebwana, sijawahi kufika kazini mapema vile. Nikakuta mlango haujafunguliwa. Nikasimama nje kwenye baridi.

Kumbe nchi nzima ilikuwa inagombania kipande changu. Waendesha baiskeli wanasema kifungwe daima. Wenye magari wanasema kifunguliwe hata leo. Watembea kwa miguu wanasema wote nyie ni wale wale. Watu wanaandika barua, wanakusanya saini, wanakesha wakijaza madodoso ya maoni. Na mimi niko katikati yao kila siku, na kikapu changu, na kiporo changu cha wali maharage ndani ya kikapu, sina habari.

Walinipataje? Kahawa. Pale Geti la Roehampton kuna mgahawa, na wikiendi asubuhi unafurika waendesha baiskeli wale wenyewe. Hawa si sisi. Wanavaa nguo za kubana mpaka unajua mtu amekula nini. Viatu vina chuma chini, wakitembea wanagonga ko, ko, ko. Baiskeli unaiinua kwa kidole kimoja, na bei yake unajenga Chanika, chumba na sebule, unaweka na geti. Wanatoka saa kumi na moja alfajiri kuzunguka bustani, wanazunguka, wanazunguka tena, wanarudi pale pale walipoanza. Nikawauliza wanakwenda wapi. Wakacheka. Mimi sikuwa natania.

Basi natoka zamu ya usiku, macho mekundu, nasikia harufu ya kahawa. Mzee mmoja mstaafu ameshika ubao wa kuandikia. Tumwite Mwenyekiti, maana kila kitu anakiongoza yeye. Akanitazama. Akaitazama baiskeli. Akakitazama kikapu. Akaitazama suruali yangu ya kazini, ile ya bluu iliyopauka goti. Uso wake ukang'aa. Mtu hajawahi kunifurahia hivyo tangu nishuke Heathrow. Akaninunulia kahawa na kipande cha keki. Kahawa ya bure ningeijua ilivyo, ningeiacha.

Akanipa dodoso. Swali la kwanza: unaendesha baiskeli kwa sababu gani? Kuna vijisanduku. Afya. Mazingira. Mazoezi. Burudani. Nikatafuta kijisanduku cha "sina nauli". Hakipo. Nikageuza karatasi, labda wamekiweka nyuma. Nyuma kuna tangazo la mafuta ya cheni. Nikatiki mazingira, kuepusha shari. Mama mmoja alikuwa ananichungulia begani, akanishika mkono, macho yamemlegea, akasema watu wa aina yangu ndio wanaoiokoa dunia. Mimi! Ambaye friji yangu haifungi, nimeizuia na kiti, inanguruma usiku kucha.

Wakanialika kwenye msafara wa Jumamosi inayofuata. Tutazunguka bustani pamoja, taratibu, tutapiga picha, tutaonyesha umma kwamba baiskeli ni ya kila mtu. Nikasema sawa. Nani anakataa watu waliomnunulia keki?

Nikataka nisiwaaibishe. Nikaazima bukta ya kubana kwa Mghana wa ghorofa ya tatu, kijana wa mazoezi. Ile bukta ina kitu kinene ndani, sifongo. Hakunieleza kinakaa upande gani. Mimi nikafikiri ni kinga, mtu analinda kilicho cha thamani. Nikaivaa sifongo mbele. Nikashuka ngazi, nikapanda baiskeli, nikaenda mpaka getini hivyo hivyo, watu wananipa njia. Mwenyekiti aliponiona hakusema kitu kwa muda. Halafu akaniambia kwa upole kabisa, "Tulitegemea utakuja ulivyo siku zote." Nikarudi nyumbani kubadilisha. Watu na baiskeli zao za milioni kumi wamesimama wananisubiri nivae suruali yenye goti lililopauka.

Tukaondoka. Waliposema taratibu, walimaanisha taratibu yao. Dakika chache tu mimi niko mkiani. Dakika chache zingine mkia hauonekani. Mtoto akanipita, baiskeli yake ina magurudumu ya pembeni. Bibi mmoja akanipita na baiskeli ya umeme, ameketi wima, kilemba cha manyoya kichwani, akaniambia, "Unajitahidi sana, mwanangu." Mlima wa Broomfield nikashuka, nikasukuma. Mwenyekiti, muungwana, akarudi nyuma kunisindikiza. Yeye yuko juu ya baiskeli, anakwenda mwendo wa kobe bila kuanguka, mimi nasukuma. Akaanza kunisimulia historia, maana aliona siwezi kumkimbia.

Akasema ugomvi wa mageti katika bustani hii haukuanza leo. Mwaka 1637 Mfalme Charles wa Kwanza alizungusha ukuta apate mahali pa kuwinda, na humo ndani kulikuwa na njia za watu. Miaka mia na ushee baadaye usimamizi akapewa binti mfalme, Amelia, mtoto wa George wa Pili. Yeye akabana zaidi, kupita mpaka uwe na tiketi. Ndipo mtengeneza bia mmoja wa Richmond, John Lewis, akaenda mahakamani, na mwaka 1758 akashinda.

Nikauliza, "Ndiye aliyefungua lile duka kubwa la Oxford Street?"

Mwenyekiti akatazama mbele. Akaendelea. Huyo Lewis akaulizwa achague, awekewe mlango au ngazi ya kupandia ukutani. Akachagua ngazi. Ngazi ikawekwa, kumbe vidato viko mbalimbali mno, bibi kizee haweki mguu. Akarudi tena kwa jaji kulalamika. Vikasogezwa. Mwenyekiti hapo sauti ikamtetemeka, akanambia sisi ndio warithi wa mtu yule. Mimi nahema, jasho linaingia jichoni, nawaza jambo moja tu: mtu ana biashara yake ya bia, anahangaika na ngazi ya nini? Si angejenga baa nje ya ukuta, watu wakishindwa kuingia wanywe?

Hapo hapo juu ya mlima ndipo nilipopewa bango. Nilikuwa bado sijapata pumzi, ndiyo maana mdomo uko wazi. Jicho ni jasho. Bango linasema magari yatoke. Sikulisoma, nililishika tu. Kamera ikalia, na mama mmoja anatembeza mbwa akapita akanikaripia, "Punguzeni mwendo nyie watu!"

Nimesimama, jamani. Nimesimama wima, nimeshika bango, baiskeli imelala kwenye majani. Nipunguze mwendo gani?

Nikamwomba radhi. Mimi naomba radhi kwa kila mtu nchi hii, ni rahisi zaidi. Lakini niwaambie ukweli, mama yule simlaumu sana. Kule Regent's Park, bustani nyingine hapa London, mwaka 2022 bibi mmoja aligongana na mwendesha baiskeli aliyekuwa mazoezini, akafariki baada ya wiki kadhaa, na mwendeshaji hakushtakiwa, na vile vibao vya mwendo sheria yake ni ya magari. Ukishasikia hivyo, kila kengele ya baiskeli inakushtua. Mwaka 2024 mbio za baiskeli za Richmond Park zikafutwa kwa hoja hiyo hiyo ya mwendo. Hao wenzangu wa nguo za kubana walinuna, wanakumbusha kwamba mbio za barabarani za Olimpiki za 2012 zilipita humo humo. Mimi nikikaa kwenye mazungumzo hayo nanyamaza. Wao wanabishana kama baiskeli izuiwe kuvuka maili 20 kwa saa. Mimi hata nikiteremka, upepo unanisukuma, kikapu nimekivua, sifiki.

Mnadhani yameishia hapo? Jumatatu nafika kazini, nakuta kipeperushi kimebandikwa ubaoni, jikoni, karibu na orodha ya wasiokula karanga. Mimi huyo. Mdomo wazi. Wafanyakazi wenzangu wananisalimia, "Habari za kawaida?" Meneja akaniuliza kama ninajisikia vizuri, kwa jinsi nilivyo kwenye picha.

Mbaya zaidi ni bibi wa chumba cha mwisho. Huyu bibi nampenda. Namwogesha, namchana nywele, nampa chai yenye maziwa mengi. Ana binti yake, anakaa Putney, anakuja Jumapili. Zamani alikuwa anaingia Geti la Roehampton, anakatiza bustani, anatokea Geti la Kingston, huyo kwa mama. Sasa anazunguka na barabara kuu ya A3, anakwama kwenye foleni, keki anayoleta inafika imeegemea upande mmoja. Bibi aliletewa kipeperushi na chai. Akavaa miwani. Akakitazama, akanitazama, akakitazama.

"Kumbe ni wewe uliyenifungia barabara."

Nikamwambia, bibi, mimi sikufunga, mimi nilishika bango tu. Nikamweleza maegesho yote yako wazi, gari linaingia, haliruhusiwi kukatiza tu. Bibi akasema yeye hataki kuegesha, anataka mwanawe. Utamjibu nini? Ana miaka 91, alizaliwa Kingston, bustani ile alikuwa anachezea kabla baba yangu hajazaliwa. Chai aliikataa. Nikamwitia mwenzangu aje ampe yeye. Akainywa yote, ananitazama juu ya kikombe.

Halafu nyie mnadhani basi mimi angalau nimefaidika. Kifunge, kifungue, mimi shida yangu si gari. Shida yangu mimi ni usiku. Sikilizeni hii. Mageti ya magari yanafungwa giza likiingia, sawa, sina gari. Vile vigeti vya miguu na baiskeli vinakesha wazi. Lakini Novemba vinafungwa, na Februari tena, wiki kadhaa kila mara, kuanzia saa mbili usiku mpaka saa moja na nusu asubuhi. Kwa nini? Wanapunguza kulungu. Wanawapiga risasi usiku, wasije wakazidi majani yaliyopo. Mimi siingilii mambo ya kulungu. Lakini zamu yangu ya jioni inaisha saa nne. Natoka Kingston, nafika getini, kufuli. Kule ndani bunduki. Huku nje mimi na kikapu. Nazunguka Kingston Vale, malori yananipita sikioni, mvua ya Novemba ile isiyonyesha wala kuacha, breki zikilowa hata kulia zinaacha, na kusimama pia zinaacha.

Siku moja nikawaza, hawa si wanajiita watetezi wa baiskeli? Nikaenda kwenye kikao chao, nikakaa nyuma. Wakaongea mabango. Wakaongea rangi ya fulana. Wakabishana dakika ishirini kuhusu wimbo wa msafara, kama uwepo au usiwepo. Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akafurahi, "Ndugu yetu anataka kusema!" Watu wote wakageuka na viti. Nikaeleza geti, kufuli, saa nne usiku, malori. Nilieleza vizuri, kwa mara ya kwanza Kiingereza kilinitii. Yule mama wa kuokoa dunia akafuta machozi. Mmoja akaniuliza kwa nini nisibadilishe zamu. Mwingine akasema Novemba yeye anafanyia mazoezi ndani, kuna mashine, unakanyaga pedeli sebuleni na milima unaiona kwenye runinga, nijaribu. Mwenyekiti akaandika, akapigia mstari. Nikachungulia. Ameandika chini ya Mengineyo.

Juzi nikapata ujumbe. Jambo langu limepandishwa, sasa ni ajenda kamili, namba mbili, baada ya fulana. Kikao kitakuwa Alhamisi, katikati ya Novemba, kwenye baa moja Kingston, kuanzia saa moja na nusu usiku. Wananiomba nifike bila kukosa maana mimi ndiye shahidi mkuu. Na kama haitakuwa usumbufu, nilete zile sambusa.

Sambusa walizijua kwa kimbelembele changu, niliwahi kuwapelekea. Nikamjibu Mwenyekiti, mkuu, kuja nitakuja, geti bado litakuwa wazi. Kurudi nitapitia wapi? Akanijibu ndani ya dakika moja: hoja nzuri sana, tafadhali uilete kikaoni.

Nyama nilikuwa nimeshanunua. Nimekaanga zote, ziko hapa kwenye beseni, Mghana ameshakula tisa na bado anataka kujua bukta yake imetanukaje mbele. Kama unakaa upande huu wa ukuta, pita uchukue. Pilipili njoo na yako.